Pongo Aliyengoja Kisu

Houssein alikuwa mchinjaji wa Gitega. Bucha yake ilikuwa katika mtaa wa Waswahili, nyumba yenye mlango wa kijani, karibu na msikiti. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikwenda machinjioni, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Ng'ombe alilazwa, akaelekezwa kibla, Houssein akataja jina la Mungu, akakata. Mara moja tu. Jua likipanda, nyama ilikuwa imekwisha kutundikwa buchani, na wateja walikuwa mlangoni wakigombania mifupa ya supu.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake mdogo, marehemu Abubakari. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alisema kisu kiwe kikali. Alisema usikinoe mbele ya mnyama. Usichinje mmoja huku mwenzake anatazama. Usimlaze mnyama chini halafu ndiyo uanze kutafuta kisu. Houssein aliyashika hayo kwa mkono zaidi kuliko kwa kichwa. Alichinja vizuri kwa sababu alizoea kuchinja vizuri. Kwa nini mambo yawe hivyo, hakujiuliza.

Mke wake, Layla, alitoka Muyinga. Baba yake Layla ni mzee Ilyasi. Kwa muda mrefu mzee Ilyasi alikuwa fundi cherehani sokoni Muyinga. Macho yake yalipoanza kushindwa kuona tundu la sindano, aliuza cherehani, akanunua kipande cha shamba Gasorwe, akahamia huko na mkewe Shakila. Shamba liko kwenye mteremko. Juu iko nyumba. Katikati kuna maharage. Chini kuna kichaka kizito na kijito. Mzee na mkewe walikuwa wanalea wajukuu walioachwa na kaka yake Layla, aliyefariki pamoja na mke wake. Nyumba ile ilikula maharage mchana na jioni. Maharage yakikosekana, hakukuwa na kingine cha kutia chunguni.

Mzee Ilyasi alijua kushona suruali ikamkaa mtu vizuri, lakini ukulima alijifunza uzeeni. Basi msimu mmoja wa mvua akaona majani ya maharage yameliwa upande wa chini. Yamekatwa safi, kama kwa mkasi. Siku nyingine yameliwa tena. Akaona na alama za kwato ndogo kwenye udongo. Majirani wakamwambia ni pongo. Pongo ni mnyama kama mbuzi, ana madoa meupe ubavuni. Mchana anajificha kichakani, jioni na alfajiri anatoka kula. Mbuga ya Ruvubu haiko mbali sana na Gasorwe, lakini pongo hawajui mpaka wa mbuga. Wako hata kwenye vichaka vya watu.

Mtu wa kwanza kumpa mzee pole na ushauri alikuwa Emmanuel. Emmanuel alikuwa mkubwa wa wawindaji wa kilima kile. Alikuwa mchekeshaji, sauti kubwa, na mbwa wake walisifiwa mpaka Muyinga mjini. Alimwambia mzee asihangaike. Vijana watakuja Jumapili, watamaliza wale pongo wote, na nyama itapatikana.

Kuwinda Jumapili ni desturi ya zamani pale. Watu wanakusanyika na mikuki na mbwa. Kila mbwa anavaa njuga shingoni. Njuga zinazibwa midomo kwa majani ili zisilie. Wakifika kichakani wanatoa majani, wanawaachia mbwa, na milio inajaa bonde zima. Wazee walifanya hivyo kwa kutafuta kitoweo au kulinda mashamba, kisha wakarudi kulima. Lakini siku hizi ilikuwa imebaki michezo. Watu walikuja na simu za kupigia picha. Walikuja na pombe ya ndizi. Hata Olivier, mfanyabiashara wa mabati wa Gitega, alikuwa anakuja na gari lake na marafiki zake, wakikaa juu ya mteremko na kushangilia kama watu walioko kwenye mpira. Olivier hakukosa nyama nyumbani kwake. Alipenda tu kuona mnyama akikimbizwa.

Marafiki wengine wa Olivier walikuwa Waislamu. Hawali nyama isiyochinjwa. Kwa hiyo wawindaji wakaweka kanuni yao: mnyama akikamatwa, mbwa wanaondolewa, mnyama anafungwa akiwa hai, anaitwa Mwislamu wa kuchinja. Na nani afae zaidi kuliko mkwe wa mzee Ilyasi, mchinjaji kamili wa mjini? Emmanuel alimwita shemeji, kwa kuwa ameoa kwao.

Mara ya kwanza Houssein alikimbia pamoja na wawindaji. Mnyama alipokamatwa alikuwa hapohapo, akachinja haraka. Watu wakampigia makofi. Wakamwita mwenye kisu. Alipewa paja, akakaa mbele na wakubwa. Mtu anayeshinda buchani akibishana juu ya mifupa hawezi kuchukia heshima kama hiyo. Akarudi tena, na tena.

Layla hakupenda. Alimwambia mumewe kwamba siku sita anarudi na damu kwenye mikono, na ya saba nayo anaifuata damu mpaka Muyinga. Houssein akamjibu kwamba anawasaidia wazazi wake, maana pongo wanakula maharage yao. Maharage yalikuwa sababu isiyopingika.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa nne. Maharage ya mzee Ilyasi yalikuwa yanatoa maua. Houssein alitakiwa aende Jumamosi katika gari la Olivier, lakini kulikuwa na harusi mtaani na nyama ya harusi haimngoji mtu. Akaondoka Jumapili asubuhi kwa gari la abiria. Wakati ule esansi ilikuwa imeadimika nchi nzima. Gari lilifika Karuzi likasimama kwenye foleni ya kituo cha mafuta, na foleni haikusogea.

Simu ikalia. Ni Emmanuel.

"Shemeji, uko wapi? Tumeshaikamata. Jike kubwa."

"Mi niko Karuzi. Gari imekosa esansi."

"Si neno. Tunakungoja. Na yenyewe inakungoja, haina pa kwenda. Mguu umeshavunjika."

Nyuma ya sauti yake Houssein alisikia njuga, vicheko, na mtu anaimba. Akafikiri kidogo tu. Akasema, "Mumuweke hai. Asife kabla sijafika. Nakuja."

Akakata simu, akanunua karanga, akala.

Foleni ilisogea kidogo, ikasimama tena. Abiria wakashuka kukaa kivulini. Adhuhuri ikaingia, Houssein akasali kando ya barabara. Emmanuel akapiga tena, kisha Olivier. Kila mara Houssein aliuliza kama mnyama yuko hai bado, na kila mara waliitika kwamba yuko hai. Mara ya mwisho Olivier alicheka na kusema iko hai sana, na inawaangalia wote mmoja mmoja.

Alifika Gasorwe jua limeanza kuteremka. Akapita njia ya juu, akashuka mbio mpaka chini ya shamba. Watu walikuwa wengi. Wengine walikuwa wamelewa. Walimpisha, na wengine wakashangilia kwamba mwenye kisu amefika.

Pongo alikuwa amefungwa kwenye shina la mparachichi. Mguu wa nyuma ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Mapaja yalikuwa na alama za meno, na alama nyingine zilikuwa mbichi. Houssein aliuliza kwa nini ziko mbichi, wakati mnyama alikamatwa asubuhi. Kijana mmoja akaeleza bila kuona haya kwamba wageni walichelewa kupiga picha, basi mbwa waliachiwa tena juu yake mara mbili tatu ili picha itoke vizuri. Karibu na mdomo wa pongo palikuwa na kibuyu kimelala na pombe imemwagika. Walikuwa wamemnywesha. Kwa utani.

Mnyama hakulia. Ulimi ulikuwa nje, mkavu. Ubavu ulipanda na kushuka haraka haraka. Houssein alipiga magoti. Amechinja maelfu ya wanyama, lakini hakuna hata mmoja aliyemngoja kuanzia asubuhi. Akakumbuka zile karanga. Kisu kilikuwa tayari mkononi.

Alipoinua kichwa cha pongo, ubavu ulishuka na haukupanda tena.

Houssein aligusa jicho kwa ncha ya kidole. Mnyama aliye hai atapepesa, hata akiwa amechoka vipi. Jicho lile lilikaa wazi.

"Amekufa," akasema.

"Kata tu," Emmanuel akamwambia kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Mi najua."

Olivier akasogea, simu mkononi. "We Houssein, usitusumbue. Watu wametoka Gitega. Nimechoma esansi mpaka huku. Sema bismillah yako, tule."

Houssein akafuta kisu, ingawa hakikuwa na damu. "Bismillah si chumvi," akasema. "Huwezi kuinyunyiza juu ya kitu kilichokwisha kuoza."

Wakamcheka. Mmoja akasema mchinjaji wa mjini ameogopa kambuzi ka msituni. Mwingine akasema labda esansi imemwishia yeye pia. Olivier hakucheka. Alisema kwamba akirudi Gitega atajua mahali pengine pa kununua nyama, yeye na rafiki zake wote, kisha akawaita wageni wake wakapanda gari. Wawindaji waliobaki wakamfungua pongo, wakamgawana wenyewe, wakaondoka wakiimba. Hawakumwachia mwenye shamba hata kipande, na hata wangemwachia asingekula.

Ndipo Houssein alipomsikia mama mkwe wake. Shakila hakupiga kelele. Alikuwa anasema peke yake, juu kidogo, katikati ya shamba.

Houssein akapanda, sasa akitazama pale alipokuwa amepita mbio. Akaona. Upande wa chini, pale pongo walipokula, palikuwa na ukingo mwembamba wa majani yaliyokatwa. Lakini katikati ya shamba maharage yote yalikuwa yamelala chini. Mbwa walikuwa wamepita hapo wakimfukuza mnyama, akazunguka, wakamrudia, watu nyuma yao na mikuki. Kisha umati wote ulikaa hapohapo tangu asubuhi, kwa sababu ndipo unapoona vizuri mparachichi. Maua yalikuwa yamekanyagwa kwenye tope. Palikuwa na vifuniko vya chupa, na maganda ya ndizi, na mahali walipowasha moto.

Mzee Ilyasi alikuwa amechuchumaa. Alishika shina moja, akalisimamisha. Alipoliachia lilianguka. Akalisimamisha tena.

"Ingekuwa nguo," akasema, "ningeishona."

Houssein akaanza kuokota vifuniko vya chupa. Hakuna aliyekula jioni ile, isipokuwa wajukuu.

Kesho yake asubuhi akaja Donatienne. Huyu ni daktari wa mifugo, jirani wa upande wa pili wa njia. Watu wanamwita veterineri. Ni mama mnene, mwenye buti za mpira na tabia ya kusema mambo bila kuyazungusha. Alikuja kutazama mbuzi wa Shakila aliyekuwa na uvimbe kwenye kwato. Akamtibu, akapewa uji, akakaa na bakuli lake akilitazama shamba.

"Mzee, hawa pongo wako ni wakubwa sana," akasema. "Wamevaa viatu."

Mzee Ilyasi karibu acheke, lakini kicheko hakikutoka. Akamweleza mambo yote. Houssein akaongeza habari ya pongo jike na ya simu. Hakuficha kwamba ni yeye aliyesema mnyama awekwe hai. Alitarajia Donatienne amtetee kidogo, aseme hakujua. Donatienne akapiga funda la uji.

"Uliposema awekwe hai, ilikuwa kwa faida ya nani? Ya yule pongo?"

"Ili awe halali."

"Mi ni Mkristo, mambo ya halali unayajua we. Nifundishe. Kwa nini mnachinja kwa kisu kikali?"

"Asiumie sana."

"Kwa nini hamumngojeshi?"

Maneno yote ya marehemu Abubakari yalimjia Houssein kwa pamoja, na safari hii yalimwingia kichwani. Kisu kikali, haraka, bila kuoneshwa, bila kungoja. Kanuni zote zile zilikuwa za kumpunguzia mnyama maumivu. Na yeye alikuwa amechukua kanuni moja, ile ya kuwa hai, akaitumia kumwongezea maumivu siku nzima. Akakumbuka na jambo jingine alilolisikia msikitini tangu utotoni: Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kuchezea. Alikuwa amelisikia mara nyingi, akadhani linahusu watoto wanaopiga ndege kwa manati.

"Lakini mi nachinja kila siku," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea bila nguvu. "Mtu akinambia niwahurumie wanyama, si atanicheka? Tofauti iko wapi?"

"Iko kwenye sababu, na iko kwenye namna," Donatienne akajibu. "Ng'ombe wako anakufa kwa sababu watu watakula, na anakufa upesi. Yule wa jana alikufa kwa sababu gani? Olivier ana njaa? Sikuja kukuhubiria. Mahubiri nilisikia jana kanisani, nikasinzia. Nakuuliza tu."

Mzee Ilyasi akaingilia. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Akasema maneno ya huruma ni mazuri kwa mtu aliyeshiba. Yeye ana wajukuu. Pongo wakila maharage, afanye nini? Awapigie magoti? Kama si kuwaua, nini?

Donatienne akaweka bakuli chini. Akasema hilo ni swali la haki, na atalijibu.

Akaeleza kwamba ukiua pongo mmoja hujapunguza kitu. Kichaka kiko palepale, maharage yako palepale. Pongo mwingine atahamia mahali pa yule aliyekufa. Emmanuel amewinda kwenye kilima hiki Jumapili nyingi mno, na bado anapata wa kuwinda. Kama kuwinda kungekuwa dawa, ugonjwa ungekwisha.

"Tena sheria inakataza," akasema. "Mnyama wa pori si wa mtu yeyote kumwinda apendavyo. Kuna wakati mnyama anakuwa hatari kweli. Nyati ameumiza mtu, kiboko amefika kwenye njia ya watoto. Hapo mnaita viongozi wa komini, nao wanaita walinzi wa mbuga. Wao wanaangalia kwanza kama anaweza kufukuzwa arudi mbugani. Ikishindikana wanamuua, mara moja, na wanasema kwa nini. Hakuna pombe, hakuna picha. Ni kazi ya huzuni, na inafanywa kama kazi ya huzuni. Mkiona watu wanafurahi, mjue hiyo si kulinda mashamba."

"Na maharage yangu?" mzee akauliza.

"Simama, twende."

Wakashuka wote. Donatienne akaonesha jinsi maharage yalivyopandwa mpaka kwenye mdomo wa kichaka. Akasema pongo ni mwoga. Anapenda kula huku mgongo wake uko kwenye majani, ili akisikia kitu aingie. Mzee mwenyewe alikuwa amemwandalia meza mlangoni. Basi msimu ujao asipande pale. Aache sehemu pana chini, aifyeke, ibaki wazi. Pongo hapendi kuvuka mahali pa wazi. Halafu achukue samadi mbichi ya ng'ombe, aikoroge na maji, aiache ichache, achuje, anyunyizie majani ya mistari ya pembeni. Mnyama anayekula majani hapendi harufu ya samadi kwenye chakula chake. Mvua ikinyesha inaosha, kwa hiyo anyunyizie tena, na aache kunyunyizia maharage yakianza kukaribia kuvunwa. Kwenye mpaka apande miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe, iwe ua. Ua unachukua muda kukua. Mpaka ukue, wenye mashamba ya jirani wapeane zamu ya kulinda jioni na alfajiri, na moto wa moshi.

"Hiyo ni kazi nyingi," mzee Ilyasi akasema.

"Ndiyo. Kuwinda ni rahisi zaidi. Ndiyo maana wanaume wanapenda kuwinda."

Aliyecheka ni Shakila peke yake, na alikuwa wa kwanza kuuliza samadi ipatikane wapi.

Houssein alirudi Gitega. Alimweleza Layla kila kitu, hata zile karanga. Layla hakumwambia kwamba alimwonya. Aliendelea kukunja nguo, na Houssein aliona ni afadhali angesema.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Olivier alitimiza alichosema. Yeye na rafiki zake wakahamia bucha nyingine, na wakaeneza mtaani kwamba Houssein amejifanya shehe. Emmanuel alimpigia mara moja kumwambia wamempata mchinjaji mwingine, mtu asiye na maringo. Houssein akamuuliza kama huyo mwingine naye watamngoja. Emmanuel akakata simu.

Huko Gasorwe hali ilikuwa nzito zaidi. Mavuno ya mwezi wa sita hayakujaza hata gunia. Houssein alipeleka unga na mchele kila alipoweza, lakini bucha yenyewe ilikuwa imepungua wateja. Shakila alimuuza yule mbuzi aliyetibiwa. Alianza kupika mara moja kwa siku. Mzee Ilyasi alikuwa anasema ameshiba kabla ya sahani kumfikia, na nguo alizojishonea mwenyewe zikawa zinamning'inia. Wajukuu waliacha kuuliza kitu cha kula, na hilo ndilo lililomuumiza Houssein kila alipokwenda. Mtoto anayeomba chakula bado anategemea kitapatikana.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Houssein alifunga bucha kwa muda akaenda Gasorwe. Wakafyeka sehemu ya chini. Mzee aliona uchungu kuacha ardhi nzuri bila mbegu. Alisimama pale na jembe, akaenda, akarudi. Mwishowe akaiacha. Donatienne alikuwa ameomba samadi kwa wafugaji anaowatibia, nao wakatoa. Shakila ndiye aliyekoroga. Nyumba ilinuka mpaka majirani wakalalamika, kisha majirani haohao wakaja kuuliza kipimo. Walipanda miyenzi mpakani. Walipanga zamu za jioni na alfajiri, nyumba kwa nyumba.

Haikuwa kama uchawi. Usiku mmoja wa mvua kubwa hakuna aliyelinda, na samadi ilikuwa imeoshwa. Asubuhi mistari ya mwanzo ilikuwa imeliwa. Mzee Ilyasi alikasirika, akasema hayo ni mambo ya vitabuni. Donatienne alikuja na buti zake, akatazama, akasema ni mistari ya mwanzo tu. Akamuuliza msimu uliopita walipoteza ngapi. Mzee akachukua ndoo ya samadi.

Mwezi wa kwanza walivuna. Maharage yalitandazwa uani kwenye mikeka, mekundu na ya madoa, watoto wakiyageuza kwa mikono. Houssein na Layla walikuwa wamekuja kusaidia. Ilikuwa Jumapili.

Njuga zilisikika kabla watu hawajaonekana. Safari hii zililia wazi, maana mbwa walikuwa wameshaachiwa. Emmanuel akatokea upande wa njia, akihema, wenzake wachache nyuma yake. Walikuwa wachache kuliko zamani. Tangu Houssein aache, wageni Waislamu wa Olivier walikuwa wameanza kuulizana kwa nini, na wengine hawakurudi.

"Mzee, tupishe," Emmanuel akasema. "Pongo amekatiza chini kwako. Tunamuwahi kabla hajaingia kichakani."

Mzee Ilyasi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta. Hakusimama. "Mashina mengine bado yako shambani. Na maharage haya yametandazwa uani. Pitieni njia ya mto."

"Njia ya mto ni mbali. Atatutoroka."

"Basi atawatoroka."

Emmanuel akawatazama wote, mzee, Shakila, Houssein. Akatabasamu, lakini bila furaha. "Ah. Kumbe siku hizi hapa pongo ni marafiki zenu."

"Si rafiki zangu," mzee Ilyasi akasema. Aliendelea kupepeta. "Walikula maharage yangu, nawajua. Walikula pembeni kidogo. Nyinyi mlikula shamba zima, na hamkuwa na njaa."

Mbwa mmoja alikuwa ameanza kuusogelea mkeka. Emmanuel akampigia mluzi. Wakageuka, wakashika njia ya mto, na milio ikashuka nao polepole upande wa bonde.

Houssein alisikiliza mpaka njuga zilipotulia. Kwenye kilima cha pili zilianza tena, kali, zote kwa pamoja, kama zinavyolia mbwa wanapomzunguka mnyama. Huko alikuwapo mtu mwingine mwenye kisu, au hakuwapo mtu. Layla alimwona mumewe amesimama na gunia tupu mkononi, akamwambia alishike vizuri mdomo. Akalishika. Shakila na watoto wakaanza kumimina maharage, na gunia likawa linajaa.